Maadili ya Mkaguzi wa Ubora: Mwongozo Kamili kwa Wanaopokea na Kupima Asali Mkoani Tabora

Asali inapofika kwenye kituo cha kukusanyia, iwe imetoka Sikonge, Kaliua, Urambo au vijiji vya Uyui, imekwisha kupita mikononi mwa watu wengi ambao kila mmoja ana sababu nzuri ya kutaka ipokelewe. Mrinaji amelala porini siku kadhaa akipanda miti gizani. Mwenye gari anahesabu mafuta aliyochoma kwenye njia za mchanga. Meneja amekwisha kumwahidi mnunuzi tarehe ya kupakia. Mkaguzi wa ubora ndiye pekee kati yao anayelipwa ili aweze kusema hapana, na ndiyo maana mashinikizo yote huishia mezani kwake.

Nimefanya kazi hii mkoani Tabora kwa misimu mingi, nikianzia kwenye mzani wa kupokelea, kisha nikawa mpimaji, kisha msimamizi wa wapimaji. Sijakutana na mkaguzi aliyeamka asubuhi akiwa amekusudia kudanganya. Niliowaona wakianguka walianguka kwa sababu jaribu liliwakuta mikono mitupu: hawakuwa na kanuni iliyoandikwa, sampuli zao zilikuwa za kubahatisha, daftari lao lilikuwa na mianya, na kwa hiyo hawakuwa na kitu cha kushikilia walipoambiwa “hebu itazame tena”. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unayachukulia maadili kuwa kazi ya mikono, inayofanywa mapema, na unafuata mtiririko wa kazi yenyewe tangu kabla ya msimu hadi siku ya kukabidhi ofisi. Mifano ni ya asali kwa kuwa ndiyo ninayoijua zaidi, lakini anayekagua karanga, alizeti au mchele ataitambua njia.

Kabla ya msimu: kanuni ya uamuzi iandikwe asali ikiwa bado mzingani

Kiwango cha asali cha Codex, yaani mkusanyiko wa viwango vya kimataifa vya chakula, ambacho kilipitishwa mwaka 1981 na kufanyiwa marekebisho baadaye, kinataka unyevu wa asali ya kawaida usizidi asilimia 20, na sukari ya aina ya sukrosi isizidi gramu 5 katika kila gramu 100. Kemikali inayoitwa kwa kifupi HMF, ambayo huongezeka asali inapopashwa moto au kukaa muda mrefu, haitakiwi kuzidi miligramu 40 kwa kilo, ingawa asali inayotambulishwa kuwa ya nchi za tropiki imeruhusiwa kufika miligramu 80. Mtu akizitazama namba hizi anaweza kudhani zimemaliza mjadala. Hazijaumaliza, kwa sababu siku moja kifaa kitaonyesha 20.2, mwenye asali atakuwa mzee unayemheshimu, na watu wawili wakisoma tone lile lile mmoja ataona 20.0 na mwingine 20.4.

Jibu la siku hiyo lazima liwe limeandikwa kabla siku hiyo haijafika. Kaa na meneja na wawakilishi wa warinaji, mkubaliane, kwa mfano, kwamba asali inayosomeka 19.5 au chini inapokelewa moja kwa moja. Inayosomeka kati ya 19.6 na 20.4 inapimwa upya na mtu wa pili asiyejua jibu la kwanza, na wastani wa vipimo vyote ndio unaoamua. Inayozidi hapo inakataliwa bila kurudiwa. Mipaka yenu inaweza kuwa tofauti na hiyo kulingana na kifaa mlicho nacho. Jambo la lazima ni kwamba iwe imewekwa wakati hakuna anayejua itamwangukia nani. Kiwango cha ISO/IEC 17025 cha mwaka 2017, kinachoongoza maabara za upimaji na za ugezi, yaani usahihishaji wa vifaa vya kupimia, nacho kinadai kanuni ya namna hii iwe wazi kila maabara inapotamka kwamba bidhaa imekidhi au haijakidhi. Kituo cha kijijini si maabara yenye ithibati, lakini haja ni ile ile.

Katika karatasi hiyo hiyo andikeni mambo mengine matatu. La kwanza ni nani mwenye mamlaka ya kutengua uamuzi wa mkaguzi, na kwamba atautengua kwa maandishi na saini yake mwenyewe. La pili ni mahali inapokwenda asali iliyokataliwa, kwa sababu asali iliyokataliwa ikakosa njia halali hurudi mlangoni siku ya pili kwa jina la mtu mwingine. La tatu ni malipo ya mkaguzi mwenyewe: asilipwe kwa kilo zilizopokelewa, wala asipewe bonasi ya msimu inayotegemea tani, maana hapo mmemwajiri mnunuzi na kumvika koti la mkaguzi.

Swali la kuchanganya asali yenye unyevu mwingi na iliyo kavu ili wastani ushuke chini ya 20 nalo liamuliwe hapo hapo. Maoni yangu ni kwamba uchanganyaji wa asali nzima na nzima, uliofanywa kwa pamoja ndani ya tangi, ukaandikwa na ukapimwa upya, ni kazi ya kawaida ya kiwanda. Asali iliyokwisha kuanza kuchacha haina ruhusa ya kuingia kwenye mchanganyiko wowote, hata kama namba ya mwisho itatoka nzuri, kwa kuwa hamira iliyomo itaendelea na kazi yake ndani ya ndoo ya mtu aliyelipia asali safi.

Ndugu, majirani na watani

Katika mkoa wetu haiwezekani kumpata mkaguzi asiye na ndugu miongoni mwa wanaouza. Mjomba ana mizinga, shemeji ana duka la kununulia, rafiki wa utotoni ndiye dereva. Anayedai kwamba hana mgongano wa maslahi Tabora bado hajaitazama vizuri orodha ya wauzaji. Mwanzoni mwa msimu andika kwenye daftari majina ya watu wote ambao uhusiano wako nao ungemtia shaka mtu wa nje: wa damu, wa ndoa, anayekudai, unayemdai, mwenye shamba mnalolima pamoja. Shehena ya mtu aliye kwenye orodha hiyo ipimwe na mwenzako, na kama uko peke yako kituoni, sampuli yake ichukuliwe mbele ya shahidi, ifungwe na ipelekwe kupimwa kwingine. Kumtamka mjomba kwenye daftari si kumtuhumu. Kunamlinda, kwa sababu asali yake ikipita hakuna atakayesema imepita kwa ajili yako.

Jihadhari pia na ombi linaloletwa kwa utani. Mtani wako anaweza kukuambia mbele ya watu kwamba mwaka huu ukimkatalia asali utalala nje, na wote mkacheka, lakini ndani ya kicheko kile kumebebwa ombi la kweli. Cheka naye, kisha pima kama unavyopima kwa wengine.

Kifaa kisichosahihishwa kinamwibia mtu

Wengi hufikiri kwamba maadili yanahusu moyo na ugezi wa vifaa unahusu fundi. Nataka nioneshe kwa mfano mmoja jinsi mambo haya mawili yalivyo jambo moja.

Rifraktomita ya asali husoma unyevu kwa kupima jinsi mwanga unavyopinda ndani ya tone, na mizani yake imetengenezwa kwa joto la nyuzi 20. Asali ikiwa na joto zaidi, upindaji wa mwanga hupungua kuliko ulivyo kwa nyuzi 20, na kifaa huonyesha kwamba asali ina maji mengi kuliko ilivyo. Kwa kila nyuzi moja juu ya 20 kipimo cha upindaji hushuka kwa takriban 0.00023, na asilimia moja ya unyevu ni sawa na tofauti ya takriban 0.0025. Maana yake ni kwamba mchana wa Tabora, joto likiwa nyuzi 30 chini ya paa la bati, kifaa kisicho na mfumo wa kujisahihisha kitaongeza unyevu kwa karibu asilimia 0.9. Mrinaji aliyeleta asali ya 19.4 ataambiwa ina 20.3. Atairudisha nyumbani kwa baiskeli, au ataiuza kwa mchuuzi kwa bei ya kutupa, na mkaguzi atalala usingizi mzito akijua kwamba hakupokea hata shilingi ya mtu.

Kwa hiyo fanya hivi. Soma maelezo ya kifaa chako ujue kama kinajisahihisha kwa joto na ni kati ya nyuzi ngapi hadi ngapi. Kama hakijisahihishi, weka kipimajoto mezani na jedwali la kusahihishia ukutani, mahali ambapo mwenye asali anaweza kuliona. Kila asubuhi kabla ya kazi hakiki kifaa kwa mafuta ya rejea yaliyokuja nacho na uandike jibu, na urudie mchana joto likipanda. Futa kioo kwa kitambaa chenye unyevu na ukikaushe kila baada ya tone, kwa kuwa maji yaliyobaki humhukumu anayefuata. Mzani wa kununulia uwe na uhakiki wa Wakala wa Vipimo ambao haujapitwa na wakati. Siku ukigundua kwamba kifaa kilikuwa kimepotoka, wajibu wako unarudi nyuma hadi siku ya mwisho kilipohakikiwa na kuonekana sawa: majibu yote ya katikati yana shaka, yakiwemo yaliyokuwa na faida kwa kampuni, na wote walioguswa wanapaswa kuambiwa.

Sampuli ndipo uongo mwingi unapoanzia

Mkaguzi anaweza kuandika namba ya kweli kabisa, aliyoisoma kwa macho yake kwenye kifaa kilichohakikiwa, na bado shehena nzima ikawa imepita kwa udanganyifu. Kinachotakiwa ni kuchota mahali pafaapo tu. Ndiyo maana ningemwomba msomaji aipe sehemu hii muda kuliko nyingine zote.

Asali iliyotulia kwenye ndoo hujipanga. Iliyo na maji mengi ni nyepesi na hupanda juu, iliyo nzito hukaa chini. Na ikiwa imeanza kuganda, ule uteute unaobaki kati ya chembe huwa na maji zaidi kuliko sehemu iliyoganda. Anayetaka ndoo ipite huchota chini, na anayetaka kumkomoa mwenye ndoo huchota juu, na wote wawili watakuapia kwamba wamepima. Chombo kichanganywe taratibu hadi chini kabla ya kuchota, au utumie mrija mrefu unaobeba asali ya kina chote, na njia utakayochagua iwe hiyo hiyo kwa kila mtu.

Kisha kuna uchaguzi wa ndoo. Shehena ya ndoo 100 ikifika, mwenye gari hupanga mbele zile anazopenda uzione, na vijana wa kupakua, kwa wema tu, hukuletea zilizo karibu. Zoea la wengi ni kuchukua idadi inayokaribia kipeuo cha pili cha jumla, yaani ndoo 10 kati ya 100. Kanuni hiyo si imara sana kitakwimu, na mnunuzi mwenye masharti makali anaweza kutaka mpango wa sampuli wa kiwango cha ISO 2859, lakini hata ndoo 10 zilizochaguliwa kwa haki zinashinda 30 ulizoletewa. Zipe ndoo namba kwa chaki, weka vikaratasi vyenye namba ndani ya kopo, na umwombe mwenye asali mwenyewe azitoe. Namba ikitoka ya ndoo iliyo chini kabisa upande wa ndani, ishushwe. Hapo ndipo utakaposikia kwamba vijana wamechoka na mvua inakuja; nawe utangoja.

Gawa kila sampuli katika chupa tatu safi na kavu, moja ya kupima, moja ya mwenye mali, moja ya akiba, zote zimefungwa na kusainiwa na pande mbili. Chupa ya akiba ikae mahali pa baridi na giza hadi shehena itakapokuwa imeuzwa na muda wa malalamiko umepita. Nimeona migogoro iliyotishia kufika mahakamani ikimalizwa na chupa moja ya gramu 250.

Kwa wanaokagua karanga na mahindi jambo hili ni la uhai na kifo. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu iitwayo aflatoksini, haikai sawasawa ndani ya gunia. Punje chache zenye ukungu zinaweza kubeba karibu sumu yote, na bambo lililochomwa sehemu moja likazikosa. Viwango vya Afrika Mashariki vinaruhusu mikrogramu 10 tu za sumukuvu kwa kilo, na zisizidi 5 za ile aina ya B1. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi. Anayechukua sampuli ya nafaka kwa kuchota juu ya gunia la kwanza akumbuke kwamba jibu lake litaaminiwa na mama anayekoroga uji.

Daftari

Andika wakati ule ule, kwa kalamu ya wino, kwenye kurasa zenye namba, na kila mstari uonyeshe tarehe, saa, namba ya shehena, joto, ulichosoma na jina lako. Ukikosea, piga mstari mmoja ili kilichoandikwa mwanzo kiendelee kusomeka, andika sahihi pembeni, weka saini, tarehe na sababu. Wino mweupe wa kufutia usiwepo kabisa kwenye chumba cha kupimia. Mistari iliyobaki wazi mwisho wa siku ikatwe kwa mstari wa mshazari. Kama hukupima, andika “haikupimwa” na sababu yake; maneno hayo ni kumbukumbu halali, na hayana aibu.

Ninasisitiza hilo la mwisho kwa sababu niliwahi kulivunja. Katika msimu wangu wa pili, kwenye kampuni ambayo sitaitaja, nilitakiwa kuandika joto la ghala asubuhi na jioni. Nilikwenda vijijini siku nne, na niliporudi nikajaza nafasi nane kwa namba zinazofanana na za juma lililotangulia, nikiamini kwamba ghala ni lile lile na hali ya hewa haijabadilika. Baada ya majuma kadhaa vifuniko vya ndoo vilianza kuvimba. Asali ilikuwa inachacha, na tulipotaka kujua kama chanzo kilikuwa ghala au unyevu wa asali yenyewe, daftari langu lilitoa ushahidi kwamba ghala lilikuwa salama siku zote. Lawama ikawaangukia warinaji, na wawili wakakatwa sehemu ya malipo yao. Hadi leo sijui kama walistahili, na sitajua, kwa sababu mimi ndiye niliyeifuta njia ya kujua. Niliyaeleza haya kwa msimamizi wangu wakati malipo yamekwisha kukatwa, na fedha hazikurudi.

Zawadi, chakula na usafiri

Mwongozo mwingi wa maadili huandika “usipokee zawadi” na kuendelea mbele, kana kwamba mwandishi hajawahi kuketi kwenye ua wa mzee wa Kinyamwezi saa saba mchana. Ukifika kijijini asubuhi utasalimiwa kwa “mwangaluka”, utapewa kigoda, utaletewa maji, na kabla hujafungua begi la vifaa utasikia kuku akikimbizwa nyuma ya nyumba. Kukataa kwa ukavu ni kumtukana mtu aliyekukirimu kwa nia njema, na anayewatukana wenyeji hatapata ushirikiano wao siku ya kuhesabu mizinga.

Kanuni ninayoitumia, na ninayoitetea, inatenganisha kinacholiwa pale na kinachobebwa. Maji, uji, ugali uliopikwa kwa ajili ya wote waliopo, hivyo ni ukarimu wa nyumba na huvipokea, ikiwezekana baada ya kupima na majibu yamekwisha kutolewa. Chochote kitakachoondoka nawe, iwe jogoo, chupa ya asali, gunia la viazi au “nauli”, hakiondoki. Namna ya kusema inahitaji kuandaliwa kama vifaa vingine. Mzee akisema, “Mwanangu, mgeni haondoki mikono mitupu,” mimi hujibu: “Baba, jogoo nimemwona na nimeshukuru kwa moyo wote. Kazi yangu hainiruhusu kuondoka na kitu, naomba abaki. Nitaandika kwenye daftari kwamba ulinipa nami nikamwacha, ili hata wenzangu wajue ulivyonikirimu.” Na huandika kweli. Daftari la zawadi lina safu za tarehe, mtoaji, kitu, na kilichofanyika, na zawadi zilizorudishwa zinaandikwa sawa na zile ambazo hazikuwezekana kurudishwa. Kama kitu kimekwisha kuachwa mlangoni kwako usiku, kipeleke kituoni asubuhi, kiandikwe, na meneja aamue mbele ya watu.

Usafiri na malazi ni hatari kubwa kuliko kuku, kwa kuwa haviitwi zawadi. Mkaguzi anayepanda gari la mfanyabiashara ambaye atakagua mali yake, akalala nyumba ya wageni aliyolipiwa naye, amefika kazini akiwa na deni. Bajeti ya usafiri itengwe na mwajiri mapema. Pale ambapo njia ni moja na gari ni moja, panda, lipa nauli ya kawaida, chukua risiti hata ya kuandikwa kwa mkono, na uandike hali hiyo kwenye ripoti. Fedha taslimu inayotolewa ili jibu libadilike ni rushwa kwa mujibu wa Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kwa mtoaji na kwa mpokeaji; sitisha ukaguzi, ondoka na shahidi wako, na utoe taarifa TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, ambao namba yao ya bure ni 113.

Mpaka wa ujuzi wako

Mwaka 2008 nchini China watoto wapatao 300,000 waliugua na sita walifariki baada ya kunywa maziwa ya unga yaliyotiwa melamini. Maziwa yalikuwa yameongezwa maji, na kemikali hiyo ikatumika kwa sababu kipimo cha kawaida cha protini hupima nitrojeni tu, na melamini ina nitrojeni nyingi. Kipimo kilisema kweli kuhusu nitrojeni; protini haikuwa imepimwa.

Mkaguzi mwadilifu anajua kipimo chake kinajibu swali gani, na hajifanyi kwamba kimejibu jingine. Rifraktomita inatoa unyevu. Haiwezi kukuambia kama asali imeongezwa sukari, kwa sababu sharubati iliyochemshwa vizuri itasomeka vizuri pia. Vipimo vya mtaani, vya kuwasha njiti ya kiberiti iliyochovywa, kudondosha tone kwenye maji au karatasi, na kuangalia kama sisimizi wataikimbia, kwa sehemu kubwa vinaonyesha uzito wa asali tu, au havionyeshi kitu, na si haki kumwita mtu mwizi kwa ushahidi wa njiti. Sukari ya miwa au mahindi hugunduliwa maabara kwa kupima isotopu za kaboni, na hata kipimo hicho hakiikamati sharubati ya mchele. Kwa hiyo cheti chako kiseme ulichofanya na ambacho hukufanya: “Unyevu asilimia 18.6 baada ya kusahihisha joto; hakuna harufu wala povu la kuchacha; sukari ya kuongezwa haikupimwa.” Mnunuzi akitaka uandike “asali halisi asilimia mia”, mwelekeze kwenye maabara yenye uwezo.

Kumpa mrinaji jibu

Jibu baya litolewe mbele ya mwenye mali, si kwa kupitia dereva. Mwonyeshe kifaa, mwache achungulie mwenyewe, mweleze kwa lugha yake kwamba masega yalikatwa kabla nyuki hawajayaziba au kwamba ndoo ilikaa wazi wakati wa mvua, na umwambie ana haki ya kutaka kipimo cha pili kwa chupa yake. Sauti isipande.

Shinikizo kutoka juu

Siku itafika ambapo meneja atasimama mlangoni na kusema, “Saini tu, gari limesubiri tangu alfajiri.” Wengi huvunjika hapa kwa sababu wanaona njia mbili pekee, kutii au kugombana. Kuna ngazi kadhaa katikati, na zinapandwa kwa utaratibu.

Anza kwa kuuliza, kwa heshima, ni kitu gani kipya kilichojulikana kuhusu shehena hiyo. Wakati mwingine kipo: huenda imepimwa kwingine, au mnunuzi amekubali kwa maandishi asali ya kuokea mikate, ambayo masharti yake ni tofauti. Kama hakipo, pendekeza kipimo cha pili kifanywe na mtu mwingine kwa sampuli ya akiba, usimweleze ulichopata wewe. Jibu likibaki lile lile, andika ripoti fupi yenye namba, kanuni ya uamuzi mliyokubaliana na mapendekezo yako, umpe meneja na ubaki na nakala ya kituo. Akitaka kupakia licha ya hayo, mwonyeshe ile nafasi ya kutengua uamuzi, aijaze na kusaini mwenyewe. Mara nyingi kalamu husita hapo, na gari hushushwa. Kama atasaini, na suala ni la ubora wa kibiashara tu, kama vile rangi au unyevu uliozidi kidogo ambao mnunuzi ameambiwa, basi uamuzi ni wake na wewe umetimiza kazi yako. Saini yako haiwekwi kwenye cheti.

Suala likiwa la afya, ngazi haziishii kwa meneja. Asali iliyowekwa kwenye mapipa yaliyobeba viuatilifu, au karanga zenye sumukuvu, haziwezi kuhalalishwa kwa saini ya mtu yeyote. Mwandikie mwenye kampuni au bodi, na mali ikiendelea kutoka, toa taarifa kwa afisa afya wa halmashauri au Shirika la Viwango Tanzania, ambalo tangu mwaka 2019 ndilo linalosimamia usalama wa chakula baada ya jukumu hilo kuhamishwa kutoka TFDA, iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa. Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015 ipo kwa ajili ya mtu anayetoa taarifa kwa nia njema kwa mamlaka husika. Toa unachoweza kuthibitisha, usiongeze uvumi, wala usianzie kwenye mitandao. Sitamficha msomaji kwamba hatua hii inaweza kukugharimu ajira. Weka akiba kidogo kila mwezi kwa ajili yake, kama mkulima anavyoweka chakula cha miezi ya njaa, kwa kuwa mtu mwenye kodi ya nyumba ya miezi mitatu mkononi husema hapana kwa utulivu zaidi.

Kuhusu usiri

Majibu ya mteja ni mali ya mteja. Usimtajie mfanyabiashara bei, kiasi wala kasoro za mwenzake, na picha ya ndoo iliyochacha isitumwe kwenye kundi la WhatsApp hata kama jina limefunikwa, kwa kuwa Tabora watu hutambua ndoo na mwandiko wa chaki. Usiri huo una kikomo kimoja tu, nacho ni hatari kwa afya ya mlaji, ambayo huelezwa kwa mamlaka niliyoitaja.

Siku ya kukabidhi

Ukihama kituo, hesabu mbele ya mrithi wako chupa za akiba moja baada ya nyingine, mkilinganisha lakiri na daftari. Mkabidhi rifraktomita pamoja na mafuta yake ya rejea na kumbukumbu za uhakiki, mihuri, daftari la upimaji, daftari la zawadi na ile karatasi ya kanuni ya uamuzi. Mwambie waziwazi shehena zipi bado zina malalamiko, na ndugu zako wepi wanauza hapo. Usiondoke na nakala za majibu ya wateja. Futa yaliyomo kwenye simu yako mbele yake, andikeni saa, msaini wote wawili, na ukurasa unaofuata aufungue yeye kwa mwandiko wake.